Matofali Matatu ya Tanuru Moja

Masika yakishakatika na mahindi yakishaingia ghalani, nyanda za juu za Mbulu huanza kufuka moshi. Ni msimu wa matofali. Mabondeni, ambako udongo ni mzito na maji hayako mbali, vijana huchimba, hulowesha, hukanyaga tope kwa miguu mpaka lilainike, kisha hulijaza kwenye kalibu ya mbao na kulipindua juani. Matofali mabichi hufunikwa nyasi ili jua lisiyapasue. Yakikauka hupangwa kuwa tanuru: matundu ya moto chini, safu juu ya safu, nje pote pamekandikwa tope ili joto lisivuje. Magogo ya mikaratusi husukumwa ndani, na moto hulishwa usiku na mchana hadi fundi aseme basi.

Kazi ninayotaka kuisifu huanza moto ukishazimika. Tanuru likishapoa, fundi hubomoa tope la nje na kuanza kuchagua. Huchukua tofali kwa mkono mmoja, hulipiga kwa jingine, husikiliza. Lililoiva hulia kama chuma. Lisiloiva hutoa mlio mzito, mfupi, na ukilikwangua kwa ukucha linatoa unga. Lililozidiwa na moto huwa jeusi au zambarau, limejipinda, pengine limeshikamana na jirani yake, na uso wake unang'aa. Fundi mzoefu hana kipimajoto, lakini akishika tofali anajua lilikaa wapi: hili lilikuwa mdomoni mwa moto, hili katikati, hili pembeni juu ambako upepo wa Mbulu ulikuwa ukinyang'anya joto.

Lililoiva huuzwa na kwenda ukutani. Mengine mawili hubaki. Ukipita vijijini, kuanzia Dongobesh hadi Haydom, ukaendelea mpaka Katesh chini ya Mlima Hanang, utaona marundo yake kando ya matanuru ya zamani: vipande, vumbi jekundu, madonge meusi. Hutupwa kwenye mashimo ya barabarani au huachwa yaote nyasi. Ninachotaka kusema ni kwamba fundi anayechagua kwa sikio ameshafanya nusu ya kazi ya kutengeneza zege linalodumu. Ameyatenga matofali kulingana na kile ambacho moto umeufanyia udongo, na huo ndio utenganishaji ambao kemia ya zege inautaka.

Kujenga kwa mabaki si jambo geni huku. Wairaqw, katika nchi yao ya asili ya Iraqw'ar Da'aw ambayo wengi huijua kwa jina la Mama Isara, walijenga tembe kwa vizazi vingi. Nyingine zilichimbwa kwenye mteremko, kiasi kwamba kwa nyuma paa lilikuwa sawa na ardhi na adui akipita mbali hakuona nyumba. Wadatoga wa Hanang nao walijenga nyumba za paa bapa la udongo. Nguzo na boriti zilitoka msituni, lakini kilichofanya ukuta ushike kilitoka zizini na kwenye kiwanja cha kupuria: mavi ya ng'ombe, makapi, majani makavu, udongo wa kichuguu.

Angalia jinsi tope hilo linavyotayarishwa, utaona halichanganywi ovyo. Udongo mtupu wenye mfinyanzi mwingi ukikauka husinyaa na kupasuka. Nyuzi za mavi na makapi huugawa mpasuko mkubwa kuwa nyufa nyingi ndogo zisizopitisha maji kwa urahisi. Kichuguu huleta udongo ambao mchwa wameshauchambua chembe kwa chembe na kuugandisha. Tope huachwa lilale ili maji yafike kila mahali, ndipo likandikwe kwa kiganja, tabaka la kwanza zito, la pili jepesi, la mwisho likilainishwa kwa mkono uliolowa. Mvua ikinyesha, mwenye nyumba hupanda kutazama paa na kuziba ufa ungali mwembamba. Tembe halikudumu kwa sababu udongo ni mgumu. Lilidumu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelijua na kulirudia kila msimu.

Bati na saruji vilipofika, kurudiarudia huko kulionekana ni umaskini, na si ajabu: nani asiyetaka nyumba isiyovuja, isiyodai tope jipya kila mwaka? Lakini saruji nayo ina gharama zake, na mfuko wa kilo 50 hauzionyeshi zote. Kiini chake ni klinka: mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa pamoja kwa joto la takribani nyuzi 1,450. Makaa au gesi ya kuchomea hutoa moshi, lakini sehemu kubwa zaidi ya hewa ya ukaa hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Jiwe safi la chokaa likichomwa, asilimia 44 ya uzito wake huondoka kama hewa hiyo. Hata ukichoma kwa umeme wa maji, jiwe litaitoa tu. Ndiyo maana viwanda vya saruji duniani huhesabiwa kutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kwa mtu wa Mbulu iko pia gharama ya karibu zaidi: kila mfuko umesafiri kutoka pwani au mikoa mingine, ukapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa lori, na bei yake imepanda nao.

Njia ya kupunguza hasara hiyo ni kupunguza klinka ndani ya mfuko, na hapo ndipo tofali lililotupwa linapopata kazi. Saruji ikikutana na maji, hutengeneza vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni gundi ya kalsiamu na silika, ambayo ndiyo nguvu ya zege. Cha pili ni chokaa iliyolowa, ambayo haiongezi nguvu ya maana na huyeyuka polepole maji yakipita. Sasa, ukitia unga laini wa kitu chenye silika ambayo haijajipanga kuwa fuwele, chokaa hiyo ya ziada hushikwa na kugeuzwa kuwa gundi zaidi. Unga wa namna hiyo huitwa pozolana, kwa jina la Pozzuoli, mji ulio karibu na Naples ambako Warumi walichimba majivu ya volkano.

Warumi hawakutegemea volkano peke yake. Vitruvius, msanifu wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliwashauri mafundi wanaotumia mchanga wa mtoni au wa baharini waongeze theluthi moja ya vigae vya kuchoma vilivyopondwa na kuchekechwa. Huko India, bwawa la Mullaperiyar lililokamilika mwaka 1895 lilijengwa kwa chokaa na unga wa matofali, na bado linazuia maji. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Uswisi, Cuba na India wameirudia hekima hiyo kwa vipimo vya kisasa: saruji yenye nusu tu ya klinka, huku asilimia 30 ikiwa udongo uliochomwa na asilimia 15 mawe ya chokaa yasiyochomwa, hupunguza hewa ya ukaa kwa takribani theluthi moja. Hapa Tanzania, kiwanda cha saruji cha Mbeya kimezoea kuchanganya klinka na pozolana ya volkano za kusini.

Lakini si kila udongo uliochomwa unafaa. Udongo wa mfinyanzi ukipata joto la kati ya nyuzi 600 na 850 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake hutoka, mpangilio wake unavunjika, na silika yake inabaki imechangamka, tayari kushika chokaa. Ukiendelea kuuchoma, chembe hujipanga upya, huyeyuka na kushikana, na ule uchangamfu unapotea. Kwa maneno ya tanuru: tofali lililoiva barabara ni zuri ukutani, lakini kwa unga wa pozolana lile lisiloiva vizuri, lile la pembeni linalokwanguka kwa ukucha, ndilo bora zaidi. Na lile jeusi lililozidiwa na moto halifai unga, lakini likiwa halina matundu mengi kama sifongo, hupondwa likawa kokoto. Bangladesh, nchi ya matope ya mito ambako mawe ni haba, imejenga sehemu kubwa ya miji yake kwa kokoto za matofali.

Basi tanuru moja linatoa matofali matatu, na kila moja lina kazi yake: lililoiva ukutani, lililoungua kwenye kokoto, lisiloiva kwenye unga. Mlio ule ule ambao fundi huusikiliza ili asimuuzie mteja tofali bovu ndio unaompangia marundo haya mawili mengine. Kinachohitajika ni kuyaweka mbalimbali, juu ya sakafu safi, yasichanganyike na udongo mbichi wala na jivu la kuni. Udongo mbichi hula maji na kudhoofisha zege. Jivu la kuni, tofauti na wengi wanavyodhani, si pozolana nzuri: lina chokaa na potasiamu nyingi, silika kidogo. Mabua ya ngano ya nyanda za Basotu yana silika, lakini na potasiamu pia, kwa hiyo jivu lake linahitaji uangalifu. Jivu linalofaa zaidi liko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, Magugu, ambako pumba za mpunga hurundikana nyuma ya mashine za kukoboa. Pumba zikichomwa hubakiza kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, na jivu hilo karibu lote ni silika. Nalo lina sharti lile lile: moto uwe wa wastani, chini ya nyuzi 700 hivi. Ukipitiliza, silika inajipanga kuwa fuwele na inalala.

Kutoka kwenye rundo kwenda kwenye unga ndiko safari nyingi zinakokwama. Vipande hupondwa kwa nyundo, huanikwa vikauke kabisa, kisha husagwa. Kutwanga kwa mkono kunatoa mchanga mwekundu, na mchanga mwekundu hauna kazi hiyo. Unga lazima ulingane na saruji kwa ulaini, upite kwenye chekecheke lenye matundu ambayo jicho halioni, uteleze kati ya vidole bila kukwaruza. Mashine ya kusagia mahindi haikuundwa kwa kazi hiyo, nyundo zake zingekwisha mapema. Kinachotakiwa ni pipa linalozunguka likiwa na mipira ya chuma ndani, likizunguka kwa saa nyingi bila pupa. Pipa la namna hiyo karakana ya uchomeleaji inaweza kulitengeneza.

Halafu kuna siku ya kumwaga zege, na hapo ndipo ninapopenda kumtazama fundi hasa. Mchanga na kokoto hupimwa kwa ndoo au karai, juu pakisawazishwa kwa ubao, kwa sababu karai lililojaa kama kichuguu na karai lililosawazishwa ni vipimo viwili. Kwa sakafu, kawaida ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Unga wa tofali unachukua nafasi ya sehemu ya saruji, tuseme karai moja katika kila tano, na huchanganywa na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, kijivu chenye wekundu kidogo, bila mistari. Kokoto za tofali hulowekwa tangu jana yake, kisha huachwa zichuje. Zikiingia kavu zitanyonya maji ya zege, na fundi asiyejua ataongeza maji mengine.

Maji ndiyo mtihani. Mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji takribani lita 25, pamoja na unyevu uliomo tayari mchangani. Kila ndoo ya ziada inayomiminwa ili koleo liende kwa wepesi hubaki ndani ya zege kama vijitundu baada ya kukauka, na kupitia vijitundu hivyo maji, chumvi na hewa zitaingia kwa miaka yote ya nyumba. Fundi mzuri anachota kidogo, anageuza, anapiga zege kwa mgongo wa koleo na kuangalia: likitoa jasho kidogo usoni na kubaki limesimama, amefika. Akishamwaga, analichokoa kwa kipande cha nondo, pembe kwa pembe, kutoa hewa. Anavuta ubao, anasubiri, na mpaka maji ya juu yapotee ndipo anapitisha mwiko. Akipitisha mapema, anapandisha juu maji na saruji laini, na sakafu itatoka vumbi milele.

Baada ya hapo, zege la mabaki linadai kitu ambacho zege la kawaida pia linadai lakini husamehewa: muda. Pozolana haianzi kazi mpaka saruji itoe chokaa, na hata ikianza huenda taratibu. Kwa siku 7 za mwanzo zege hili huwa nyuma ya lile la saruji tupu. Kwa siku 28 hukaribia, na kwa siku 90 mara nyingi hulingana nalo au kulipita, mradi halikukauka njiani. Baridi huongeza ucheleweshaji. Mwezi Julai Mbulu, asubuhi yenye ukungu na upepo wa mlimani, zege lililomwagwa jana haliko mahali ambapo zege la Dar es Salaam lingekuwa. Mbao za fomu hukaa siku zaidi. Sakafu hufunikwa magunia au nyasi, nayo humwagiwa maji asubuhi na jioni, siku 7 kwa uchache, na kwa mchanganyiko wa namna hii wiki mbili ni bora. Upepo unaokausha nguo hukausha zege pia, na zege lililokauka limeacha kukua.

Likilelewa hivyo, sifa yake kubwa ni kubana. Vijitundu hujazwa na gundi ile ya ziada, maji hupenya kwa shida, na chumvi za ardhini hazifiki ndani upesi. Hili si jambo dogo Hanang, ambako kuna ziwa la magadi la Balangida na ardhi yenye chumvi kulizunguka. Mchanga na maji ya kule havifai zege lenye nondo: chumvi hukaribisha kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Kanuni ya mafundi kwamba maji ya zege yawe maji ya kunywa ina maana yake yote hapa.

Heshima kwa ufundi inataka pia tuseme mahali ambapo zege hili halifai kutumiwa kwa imani tu. Pozolana ikishamaliza chokaa, zege linabaki na kinga ndogo zaidi dhidi ya hewa ya ukaa, ambayo huingia polepole na kuondoa ulinzi wa nondo. Kwa hiyo nguzo na slabu zenye nondo zinahitaji unene wa kutosha wa zege juu ya chuma, na vipimo vya maabara kabla ya kazi. Sakafu, msingi wa nyumba ya chini, matofali ya kubonyezwa, mifereji, vibao vya njia na kingo za visima ndiko pa kuanzia. Na tusidanganyane kuhusu maafa. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilishusha tope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hakuna zege ambalo lingelizuia tope lile. Lililo mikononi mwa fundi ni nyumba inayojengwa baada ya hapo, mahali palipochaguliwa vizuri, iwe ya kudumu na isimalize akiba ya familia.

Hesabu ya mazingira nayo ifanywe kwa haki. Kuchoma matofali ili kuyasaga kungekuwa upumbavu: kuni ni zile zile zinazoitishia misitu ya Nou na Marang, ambayo ndiyo chanzo cha maji ya mabonde haya. Faida iko kwenye lile ambalo moto wake umeshalipwa na bado likatupwa. Na njia iliyo safi zaidi ni kupunguza matanuru yenyewe. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, ulifundisha matofali ya kufungamana yanayobonyezwa kwa mashine ya mkono kutoka udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa. Saruji hiyo kidogo ikipata mwenzake wa unga wa tofali, kuni zinaokoka na klinka inapungua.

Kwa sasa kinachokosekana zaidi ni vipimo vya hapa hapa. Udongo wa Dongobesh si wa Katesh, na tanuru la mmoja si la mwingine. Chuo cha ufundi kikichukua unga wa matanuru kumi, kikatengeneza vipande vya zege, kikavivunja siku ya 7, ya 28 na ya 90, mafundi wangejua kwa yakini kile ambacho sasa wanakijua kwa sikio. Wala mteja asikae akisubiri. Anapopatana bei na fundi, hesabu huwa na mifuko, malori ya mchanga, kokoto, nondo na siku za kumwaga. Siku za kumwagilia hazimo, kwa hiyo hakuna anayemwagilia. Ziandikwe kwenye makubaliano, wiki mbili za mtu na ndoo yake, zilipwe kama kazi nyingine yoyote. Katika zege la mabaki, hicho ndicho kiungo kinachoamua kama wajukuu watairithi sakafu ile ama watairudia.